Kabla ya Kikuba, Tuulize



Juzi tulikaa ukumbini tukitunga vikuba vya mdogo wetu anayeolewa baada ya Iddi. Yeye anasomea baiolojia ya mimea, basi kila tukishika jani la mrehani anatupa darsa: vichembe vya kijani ndani yake hunasa mwanga wa jua, huyapasua maji, na kwa nguvu hiyo jani hutengeneza sukari. Oksijeni tunayovuta ni salio la kazi hiyo. Tukasema Subhanallah.

Tukamuuliza, masomo yataendelea? Akainama. "Sijui, dada. Hakuna aliyeuliza."

Tuliona haya. Sisi tuliomtangulia tulipoolewa nasi hatukuuliza, na wawili wetu waliacha vyuo vyao katikati. Hakuna aliyewakataza. Mambo yalipita tu.

Na elimu hii haitaki haraka. Mwenyewe alitusimulia habari za Jan Anderson, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1964, huko Canberra, Australia, yeye na Keith Boardman waliyachukua majani ya spinachi wakaanza kutenganisha mifumo miwili inayopokea mwanga ndani yake. Aliendelea kulichunguza jani kwa miongo, pamoja na namna mimea ya kivulini inavyojipanga ili inase mwanga mdogo inaoupata. Mwaka 1996, miaka 32 baadaye, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Angeachia njiani, nani angelijua jina lake?

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa. Basi tulimwendea baba, naye akazungumza na bwana harusi. Kijana akauliza, "Miaka mingapi?" Miwili ya shahada ya uzamili, tukamjibu, na huenda ikafuata mingine. Ile miwili ameikubali, itaandikwa kabla ya akdi. Mingine, kasema, watazungumza wenyewe wawili. Hatukumlazimisha; angalau sasa mdogo wetu anajua anaingia wapi.

Kwa hiyo, biharusi, kabla hujapakwa singo, sema unachokitaka. Na sisi dada na masomo, tusingoje mpaka mtoto ainamishe kichwa. Tumuulize mapema.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na rehema. Amin.