Kapteni wa Vizuizini

Vita vikitajwa, sifa huwakimbilia waliopaa angani. Sina ugomvi na hilo. Mwaka 1994 marubani wa Kanada walikuwa wakitoka Nairobi na kutua Kanombe na ndege zao za Hercules huku makombora yakianguka jirani na uwanja, na mji huu wa Kigali ungekatika kabisa bila wao. Lakini nikiteremka kutoka Kiyovu kuelekea katikati ya mji, ninayemkumbuka ni mtu wa barabarani: Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegal, ambaye hakuwa hata na bastola kiunoni.

Alizaliwa Coki mwaka 1958. Alifika Rwanda mwaka 1993 akiwa mwangalizi wa kijeshi, kazi yake kutazama kama Mkataba wa Arusha, wa amani kati ya serikali na waasi wa RPF, unafuatwa, na baadaye akaingizwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR. Kutazama na kuripoti, basi. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakianza, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na wanajeshi kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake walikuwa wamefichwa jirani. Kapteni akawapakia garini, akawapeleka Hôtel des Mille Collines alikokuwa akiishi, akawaficha, na hatimaye wakapata njia ya kutoka nchini wakiwa hai. Amri ilikuwa kwamba waangalizi wasijiingize. Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa kikosi, alijua anachokifanya kapteni wake, akanyamaza. Kunyamaza huko nako ni utumishi, nadhani, ingawa hakuna anayevishwa nishani kwa ajili yake.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Mbaye alibaki. Akaendelea kuwatorosha waliokuwa wakiwindwa, watu watatu, wanne, watano kwa mara moja, kwa kuwa gari halikuweza kubeba zaidi bila kutiliwa shaka, na kila safari ilikuwa na vizuizi vyake: magogo barabarani, mapanga, pombe, vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe waliokwisha kuua asubuhi hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapokwama kila nikimfikiria. Alipitaje? Kwa sigara, kwa pesa kidogo, na kwa mzaha. Mwandishi wa BBC Mark Doyle, aliyekuwa naye garini siku moja, amesimulia jinsi kijana mwenye guruneti alivyoinama dirishani akitaka kujua kama mzungu huyu ni Mbelgiji. Kwa Mbelgiji, jibu lilikuwa kifo. Mbaye akadakia kwamba Mbelgiji ni yeye, watazame ngozi yake. Kijana akacheka, na gari likapita.

Sisi tumezoea kumsifu mtu anayekataa kumpa mwovu mkono. Ni msimamo mzuri, na mara nyingi hauna gharama kubwa. Mbaye aliwapa mkono. Aliwajua wale vijana, akawatania, akawawashia sigara, huku akijua mikono yao imetoka kufanya nini na akijua aliowalaza nyuma ya kiti chake. Angewaonyesha chuki yake, nafsi yake ingetulia, na watu wale wangekufa. Naona hilo ni gumu kuliko kuvumilia risasi. Risasi inakudai mwili wako. Kicheko kile kilimdai ajinyime hata haki ya kuonekana mwema. Katika mambo yetu madogo ya siku hizi, ukoo uliogawanyika, ofisi iliyooza, wengi wetu tunapenda usafi wa mikono yetu kuliko usalama wa mtu mwingine. Sisemi kila anayecheka na mwovu ni Mbaye. Wengi wanacheka kwa ajili ya matumbo yao. Kipimo ni nani amelala nyuma ya kiti.

Tarehe 31 Mei alikuwa peke yake garini, akimpelekea Dallaire ujumbe kutoka kwa mkuu wa jeshi la serikali. Kombora la mota la RPF, lililoelekezwa kwenye kizuizi, likaanguka nyuma ya gari na vipande vyake vikamuua. Alikuwa amebakiza siku 12 kurudi kwao. Kikosi hakikuwa hata na mfuko wa kubebea maiti. Wenzake wakamzungushia turubai la plastiki la wakimbizi. Mwaka 2010 serikali inayoongozwa na RPF hiyo hiyo ilimtunuku nishani ya Umurinzi. Inakadiriwa kwamba aliokoa watu wapatao 600. Wapo wanaosema zaidi.

Mwaka 2014, kwa azimio namba 2154, Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa wa pekee yenye jina lake. Ya kwanza alikabidhiwa mjane wake, Yacine Mar Diop, mwaka 2016. Mwaka 2019 ikaenda kwa familia ya Chancy Chitete, askari wa kawaida kutoka Malawi, aliyeuawa karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, Novemba 2018, akimvuta mwenzake aliyejeruhiwa atoke kwenye mstari wa risasi. Mwenzake huyo alikuwa Mtanzania, na alipona.