Mlio wa Gurudumu

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya gurudumu bovu ni mlio. Kwa majuma matatu gari langu, Toyota Corolla ya mwaka 1996, lilivuma kila nilipotoka Arua kwenda Koboko kikazi, na mwendo ulipozidi mvumo nao ulizidi. Fundi wa kwanza alilaumu matairi. Nikanunua mawili mapya kwa fedha za karo ya watoto, na mvumo ukabaki vile vile.

Siku moja mama watoto alifuatana nami. Tulipopita Maracha akasema, "Baba, ukipinda kushoto linalia zaidi, ukipinda kulia linanyamaza." Mimi niliyesomea ualimu nikawa mwanafunzi.

Mjini Koboko nilimweleza fundi mmoja mzee maneno hayo. "Mwalimu," akajibu, "ukipinda kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Tuanzie huko." Akatia jeki, akalishika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa, likayumba. Akalizungusha kwa mkono, likakwaruza. Beringi ilikuwa imekwisha. "Ungeendelea hivyo," akasema, "gurudumu lingekwama au kuchomoka njiani." Nikawakumbuka watoto wangu wanaoketi kiti cha nyuma.

Basi ndugu yangu, kabla ya kutoa fedha, sikiliza kwanza. Barabara ikiwa wazi, weka gia huru gari likiwa katika mwendo; mlio usipobadilika, usiilaumu injini. Na aketiye kando yako akikuambia neno, usimpuuze: sikio lake halishughulishwi na usukani.