Ngome Iliyolinda Kondoo

Mwaka 1985 nilikuwa nasoma Roma. Joto la Julai lilipozidi, mwanafunzi mwenzangu akanichukua kwao Abruzzo. Tulipanda basi hadi L'Aquila, kisha gari la mjomba wake likatukwesha hadi Calascio. Juu ya kijiji hicho, takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, ndipo ilipo Rocca Calascio.

Mwenzangu alikuwa na hamu ya kunionyesha mahali palipopigwa filamu ya Ladyhawke, iliyotoka mwaka uleule. Mimi nilitarajia kasri la mfalme. Kumbe ni ngome ndogo ya mawe meupe: mnara wa mraba katikati, ukuta, na minara minne ya duara kwenye pembe. Humo walikaa askari wachache, kazi yao kuyatazama mabonde na kuwasha mienge usiku kuzipasha habari ngome nyingine. Mlango wa mnara uko juu. Bila ngazi ya mbao hupandi.

Nje ya ukuta tulimkuta mzee na kondoo wake. Mbwa wake mkubwa mweupe alivaa ukosi wa chuma wenye miiba mirefu. Mzee akaniambia mbwa mwitu hurukia koo, na akirukia hapo anajichoma mwenyewe.

“Kwenu wako mbwa mwitu, kijana?”

“Kwetu Singida wako fisi, mzee. Zamani hata simba.”

Tangu hapo hakumjali tena mwenyeji wangu. Maneno yote yakawa yangu. Alisimulia jinsi baba yake alivyoswaga kondoo kwa miguu kila vuli hadi Foggia, kukimbia theluji, na kuwarudisha majira ya kuchipua. Njia yenyewe, Tratturo Magno, ina urefu wa kilomita 244, na kisheria upana wake ulifika mita 111, kondoo wapate kula huku wakitembea. Mwaka 1447 Mfalme Alfonso wa Aragon aliianzishia forodha, akatoza ushuru wa mifugo. Mwaka 1579 akina Medici wa Firenze wakainunua Calascio pamoja na Santo Stefano ya jirani, kwa tamaa ya sufu nyeusi ya huko, iliyoshonewa majoho ya watawa na sare za askari. Hapo ndipo nilipoielewa ile ngome. Mali ya kulindwa ilikuwa na miguu minne.

Chini kidogo ya ngome zilikuwepo nyumba zisizo na mapaa. Tetemeko la 1703 liliwashusha watu wengi Calascio, na wa mwisho walihama 1957.

Santo Stefano tulikuta wanawake wakivuna adesi: unang'oa shina zima, unakung'uta udongo, unalaza fungu. Punje ni ndogo, za kahawia iliyokolea. Jioni tulizila na mafuta ya zeituni na mkate wa kuchoma, wala sijapata adesi tamu vile tena.

Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko liliipiga L'Aquila, watu zaidi ya 300 wakafa. Nilimpigia mwenzangu simu. Kwao walikuwa salama, ila mnara wa Santo Stefano ulikuwa umeporomoka wote. Baadaye ukajengwa upya, na wageni wanaofuata filamu wameongezeka. Mwaka 2019 UNESCO nayo ikaiingiza safari ya kondoo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Mzee yule, nimjuavyo kwa mchana ule mmoja, angeuliza kwanza kama kuna posho ya mbwa.