Uvira: Nailoni nyembamba haimwezi sangala

Mjini Uvira, kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika, baba aliyekimbia vita ana pesa za kununua nailoni moja tu. Achague ipi?

Wavuvi wazoefu wanaeleza: anayetupa ndoano akiwa ufukoni achukue nailoni nyembamba. Inaruka mbali, haionekani sana majini, inafaa chambo chepesi. Asiye na mashine aizungushie kwenye chupa. Akitupa, inatoka bila kukwama.

Sangala ni mzito. Huyo anataka mtumbwi, chambo kikubwa na nailoni nene iliyozungushiwa kibao.

Fundo liloweshwe kwanza, ndipo likazwe. Likikazwa kavu, nailoni inaungua na kukatika. Hapo ndoano imepotea, na watoto wanalala njaa.