Mkate wa Jana Mjini Kindu

Mgeni afikaye Kindu hulakiwa na mto Lualaba, mpana na mtulivu. Hapa ndipo ianziapo reli ya Kongolo. Ngano haistawi katika nchi hii ya misitu na joto. Unga wake hutoka mbali. Kwa hiyo mkate una thamani, na kila mama huona uchungu kuutupa.

Lakini hewa ya Kindu ina unyevu mwingi, na kuvu huota upesi. Nilimwona mama mmoja akiikwangua, apate kuwapa watoto sehemu iliyobaki. Nia yake ilikuwa njema, lakini nyuzi za kuvu hupenya ndani ya mkate pasipo kuonekana, na sumu ya kuvu nyingine haimalizwi na moto. Mkate wa namna hiyo utupwe wote; hata kuku wasipewe.

Ule uliokauka tu, usio na kuvu wala harufu mbaya, ni chakula chema. Ukate vipande, uvichovye katika yai lililopigwa, uvikaange; au uukaushe juu ya makaa, uuponde, uutie katika uji. Basi, akina mama, msiungoje kesho: mkate wa jana na uliwe leo.