Njia ya Milala

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mti wa mtundu wa kwenye kichuguu umewatangulia wenzake kutoa majani. Ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba, na bado ni malegevu, yananing'inia tu. Mvua hatujaiona tangu Aprili. Moto umepita upande wa kulia wa njia, masizi yanafika vifundoni, na hapo hapo mti unachipua. Mitundu na miyombo hutumia maji na chakula ilichojiwekea shinani na mizizini, ili mvua ikija iyakute majani yameshakomaa. Hayo niliyasoma chuoni, nikayajibia mtihani. Lakini Jumamosi iliyopita matawi haya yalikuwa makavu, leo yamevaa, na hilo hulioni usipopita hapa wiki zote mbili.

Saa tano, jua lilipokolea, maganda ya mbegu yakaanza kupasuka juu ya vichwa vyetu. Pa! Kisha kimya, kisha pa! nyingine, mbegu zikirushwa mbali na mti wake. Mume wangu alisimama kusikiliza. Tulikuwa na nafasi ya kusimama, kwa sababu njia hii ya kwenda bwawa la Milala haina kilima cha kuwahi kileleni wala njia panda ya kubishania.

Jana ofisini mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Milala tena?" Yeye na wenzake wanapanga kwenda Ntakata, kupitia Mwese, kwenye msitu wenye sokwe. Ni msitu wa kuuheshimu. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinautunza na kupata fedha za kaboni kwa kutoukata. Nimemtakia safari njema. Alinitazama kama mtu aliyekataa karamu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Redio imetangaza kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, amefariki jana huko Marekani, akiwa na miaka 91. Darasa la sita walikuwa wanamjua, nikafurahi. Tukatumia kipindi kizima kumzungumzia.

Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, pamoja na mama yake, kwa kuwa wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae porini peke yake. Wiki za mwanzo sokwe walimkimbia. Angeweza kutafuta msitu mwingine. Ukanda huu wa ziwa ulikuwa na sokwe sehemu nyingi, hata huku kwetu. Badala yake alipanda kila siku kwenye mgongo ule ule wa mlima, akiwa na darubini na nguo za rangi iliyopoa, akakaa pale wanapoweza kumwona. Wakamzoea. Novemba mwaka huo huo akamshuhudia dume aliyempa jina la David Greybeard akitumbukiza jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Wanasayansi wakalazimika kufikiri upya kuhusu wazo kwamba binadamu pekee ndiye mtengeneza zana.

Mvulana mmoja aliuliza, "Mwalimu, hakuchoka kwenda pale pale?" Nikamwambia Gombe nzima ni kilomita za mraba hamsini na kitu, wakati Hifadhi yetu ya Katavi ni 4,471, na bado utafiti wa Gombe unaendelea hadi leo, miaka zaidi ya sitini. Pale hapajaisha.

Jibu hilo nililitoa haraka darasani, nimerudi nalo nyumbani. Watu husema mtu anayerudia njia ni mvivu au mwoga. Njia ya Milala ni rahisi, sikatai. Mama mkwe na magoti yake anaimudu. Lakini urahisi wake ndio unaoniachia macho. Kwenye njia ngeni nusu ya akili yangu iko miguuni: nikanyage wapi, tumepotea au bado, saa ngapi tutafika. Hapa miguu inajua penye mzizi. Siku ya kwanza kupita sikuona ndege hata mmoja, na si kwamba hawakuwapo.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumetoka Sumbawanga kwenye msiba. Basi lilisimama Sitalike, tukashuka kunyoosha miguu na kutazama viboko. Mto Katuma umebaki madimbwi, wamebanana kwenye tope mgongo kwa mgongo, wengine na majeraha ya kugombania nafasi.

Nilichotazama zaidi ni njia zao ukingoni. Kiboko hutoka usiku kwenda kula majani na kurudi majini kabla jua halijawa kali, na hupendelea njia ile ile, mpaka ukingo unachimbika mfereji kwa uzito wake. Mvua ikija maji nayo hupita humo humo.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita katikati ya hifadhi. Upande wa Ziwa Katavi kuna ule mkwaju ambao wenyeji husema ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji wa kale, na watu huacha sadaka chini yake. Abiria aliyekaa nyuma yetu, mzee wa Kipimbwe, alinyamaza kwa muda tulipokuwa maeneo yale. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Myombo uliochunwa gome umekufa. Mtu alichuna kuuzunguka wote, bila shaka kwa mzinga. Mwaka jana ulijitahidi, ukatoa majani machache upande mmoja. Mwaka huu miyombo yote imechipua isipokuwa huu. Mzinga mmoja wa gome, mti mmoja. Nyuki watakaoingia humo watakosa maua yake. Wafugaji wengi wa nyuki wa Inyonga sasa wana mizinga ya mbao, na ningependa aliyechuna huu aende kujifunza kwao. Nimegusa shina. Mgeni angepita na kuona kuni tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Imenyesha usiku kucha. Njiani vijana wa Kisukuma walikuwa wanapeleka ng'ombe machungani; wa mbele akatusalimia "Mwangaluka!" na mama mkwe akawaitikia kwa Kisukuma kizuri kuliko changu. Masizi yote yamefunikwa na nyasi changa. Yale majani mekundu ya Septemba ni ya kijani kibichi, huwezi tena kutofautisha mti uliotangulia na uliochelewa. Mimi naweza.

Jumamosi, 6 Desemba

Uyoga! Mama mkwe aliacha njia bila kusema, akaenda moja kwa moja chini ya mitundu mitatu iliyosogeleana, akainama. Ulikuwapo, chini ya majani yaliyooza. Nikamuuliza amejuaje. "Mwanangu, mwaka jana nilichuma hapa. Na mwaka juzi."

Nikamweleza ninachokifahamu: uyoga mwingi wa miombo huishi ukiwa umeshikana na mizizi ya miti hii. Mti unaupa sukari, nao uyoga unausaidia mti kunyonya maji na madini ya udongo. Tunachochuma ni tunda tu. Mwili wake umo ardhini mwaka mzima. Ule wa vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa. Alisikiliza, akasema ndiyo maana mti ukikatwa uyoga nao unahama. "Hauhami, mama," nikasema, "unakufa." Akaacha kuchuma kwa muda akitazama upande wa ule myombo mkavu. Chini yake, akasema, alikuwa akijaza sado.

Sikujua. Nimeupita mti ule muda wote huu nikihesabu majani, naye alikuwa na hasara yake kuhusu mti huo huo. Tulikwenda hadi pale. Hakukuwa na kitu.

Mwalimu mwenzangu amerudi kutoka Ntakata na picha nzuri sana za sokwe. Amesimulia mteremko, maji baridi, kelele zao asubuhi, na nimemsikiliza kwa furaha ya kweli. Mwakani anataka wapande milima ya Mahale. Nimemkaribisha Jumamosi ijayo aje nasi Milala, makusu yameanza kuiva. Ameuliza aje na viatu gani. Nikamwambia hata kandambili zinafaa, ila tugeuze kabla ya saa kumi na moja jioni, maana giza likiingia viboko wa bwawa hutoka kula na njia inakuwa yao.