Alinitongoza kwa Kabichi

Wenzangu mliosoma Mlimani huwa mnanicheka nikitaja chuo changu. Chekeni tu. Nilisoma Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilikianzisha mwaka 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, ikakipa jina la askofu wake aliyekuwa pia mkuu wa KKKT nchi nzima kuanzia 1976 hadi 1992. Mimi niliingia 2008, kusomea elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Mtoto wa Korogwe, nimezoea joto la mashamba ya mkonge, nikafika kwenye baridi ya Usambara na sweta moja!

Tulikuwa wachache, na utamu wa sherehe zetu ulikuwa hapo hapo. Kwenye chuo kikubwa unaweza kuingia ukumbini, ukakaa, ukala, ukaondoka bila mtu kukujua jina. Kwetu, kukaribisha mwaka wa kwanza, kuaga wanaomaliza, Krismasi ya mapema kabla ya kufunga chuo, kila sherehe ilikudai kazi. Hujui kuimba? Panga viti. Mvivu wa viti? Menya viazi.

Niliyoipenda zaidi ilikuwa Sikukuu ya Matengenezo, mwishoni mwa Oktoba. Walutheri wanakumbuka Oktoba 31, 1517, siku Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Lakini niseme ukweli, wengi tulikuwa tunasubiri mnada. Kwa msiojua, ibada ya Walutheri haiishii kwenye baraka. Asiye na hela anatoa alichonacho, mayai, karoti, jogoo, na watu wakishatoka vinanadiwa nje. Ukishinda, unaweza kubaki nacho au ukamzawadia mtu mbele ya kadamnasi.

Sasa nje siku hiyo alisimama kijana mmoja wa darasani kwetu, Mzigua wa Handeni, Mwislamu. Alikuja kutafuta mayai ya bei poa. Ikanadiwa kabichi moja, ya kawaida kabisa, sokoni Lushoto ungeipata kwa mia tatu. Mia tano! Elfu! Yeye akapandisha hadi elfu mbili, na hapo bumu lilikuwa bado halijatoka. Akaipokea, akasema kwa sauti, "Mpelekeeni yule dada wa sauti ya pili."

Vigelegele! Wenzetu viziwi wakainua mikono juu na kuitikisa, maana ndivyo wanavyopiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kabichi yenyewe nikaipeleka jikoni kwa mama aliyetupikia, naye akaniuliza, "Mwanangu, hii ni mboga au posa?"

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba huyu kaka alikuwa na cheo chake kwenye sherehe zote. Ndiye aliyechinja. Si mnajua kwetu Tanzania ilivyo, mbuzi akichinjwa na Mwislamu kila mtu anakula. Basi kwenye sherehe ya Kilutheri, sufuria zote zilimsubiri Mwislamu na kisu chake. Hakuna aliyemwambia abadili dini, na hakuna aliyemtenga pembeni kama mgeni. Alikuwa mtu wa lazima.

Mahafali yetu ya 2011 ndiyo yaliyokutanisha ukoo. Baba yangu, mzee wa kanisa, alitoka Korogwe na suti yake ya ibada. Mama yake alitoka Handeni na vumbi lote la njiani, akapanda zile kona za Mombo hadi Lushoto, kilomita 32, amefumba macho. Tulipotoka na majoho, akamvisha mwanawe shada la maua, kisha akatoa la pili kwenye mkoba na kunivisha mimi. Baba akaliona. Wakati wa chakula akaniuliza, "Yule kijana ni nani?" Nikamjibu, "Ndiye aliyechinja mbuzi unayemla, baba." Akaacha kutafuna. Halafu akaendelea.

Msidhani yaliishia hapo. Ilituchukua miaka miwili. Baba alitaka madhabahu, wajomba wa Handeni walitaka shehe, na kamati ya send-off ilivunjika kabla ya kukusanya michango. Tungeweza kukimbilia Dar es Salaam tukayaacha yote. Marafiki walitushauri hivyo, na siwalaumu. Tukaamua kwenda bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu watu wa dini tofauti, mradi mtoe taarifa siku 21 kabla. Zile siku 21 ziliniondoa kilo nne! Baba alifika bomani amechelewa, akakaa kiti cha nyuma, na kwa muda mrefu aliendelea kumwita mume wangu "mwenzako".

Nyumbani kwetu tulichokifuata ni utaratibu wa Magamba, kila mtu na kazi yake. Nadhani wanandoa wengi wa dini mbili wanakosea kwa kuitana kama wageni waalikwa. Unakalishwa kwenye sofa na soda yako, unaogopa hata kusogeza kigoda. Idi ya kwanza Handeni mama mkwe alinisikiliza shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akanipa mbuzi. Ya kukunia nazi, jamani! "Mgeni siku mbili," akasema, "wewe unaianza ya tatu leo." Nilikuna nazi sita za pilau. Mkono uliuma wiki nzima, ila tangu siku hiyo najua chumvi inakaa wapi kwenye nyumba ile.

Krismasi ni zamu ya Korogwe, na huko mume wangu haitwi kwa heshima tu. Mwaka jana nilikuwa bado nafungasha nguo za watoto, simu ikaita alfajiri. Baba. Hata salamu hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Mkwe wangu yuko wapi? Mwambie awahi, mbuzi kafungwa hapa tangu jana na mama yako keshawasha moto."

Nikampa mume simu. Akasikiliza, akajibu, "Ndiyo, mzee," akaenda kutafuta kisu chake.